Kitasa Hakikuguswa

Kitasa changu hakina kosa. Naanza na hilo, kisije kikasingiziwa na watu ambao makosa yao ninayajua moja moja. Kipo mlangoni mpaka leo, kinazunguka mara mbili, kak, kak, kama siku niliyokinunua. Kama binadamu wa Bariadi wangekuwa na uaminifu wa kitasa kile, mimi ningelala mlango wazi.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee watoto wa dada yangu. Kwa hiyo kwenye herufi nisahihishwe. Kwenye watu nisisahihishwe. Majina sitaji, maana wengine wameshazikwa na wengine bado wanagombea uongozi, lakini kila mmoja nitamweka mahali pake na anayehusika atajijua.

Enzi hizo tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mlango wa mbele wa nyumba yetu ulikuwa wa mbao za mninga, na ulinzi wake ulikuwa komeo la ndani, kipande cha chuma unachokisukuma unapolala. Mchana tulirudishia tu. Ukifunga mlango mchana majirani walikuwa wanauliza nani mgonjwa.

Kisha likaja soko huria. Redioni walilisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza harusi. Pamba inunuliwe na anayetaka, dukani kiuzwe chochote, kila mtu ruksa. Kiwandani nako wakaambiwa wapunguze watu, wakampunguza mume wangu. Yeye alikuwa mtu mtiifu sana kwa wakubwa. Aliporudi nyumbani akaendelea kupungua mwenyewe, mashavu, mabega, sauti, mpaka tukamzika. Ila kabla hajaisha alichukua kile walichokiita kiinua mgongo, akaninunulia cherehani ya miguu. Nyeusi, yenye maua ya dhahabu shingoni, na meza yake ya mbao. Akasema, "Mama watoto, mimi huyu kiwanda kimenishinda. Kiwanda chako hiki hapa, hakina mkubwa."

Nikaiweka chumba cha mbele, nyuma ya mlango, penye mwanga. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha mimi na binti zangu. Sare za shule, viraka vya suruali, magauni ya kipaimara, vyote vilipita pale. Bila hiyo, wanangu wangekwenda kuchuma pamba za watu na mimi ningeolewa nisipotaka.

Na nisipotaka palikuwapo, pananisubiri. Kaka mkubwa wa marehemu, shemeji yangu wa Zagayu, mkulima wa pamba, mwenye wake wawili na maoni mengi. Matanga ya mdogo wake yalipokwisha alikaa kwenye kiti cha marehemu, akanyoosha miguu, akaniambia ukoo umeamua anirithi.

"Wabeja," nikamwambia. Asante. "Nimeshashiba."

"Mayu, mama wewe, hakuna anayeshiba peke yake. Ukikataa mtu, basi mali ya ukoo ijulikane iko wapi."

"Mali gani?"

Akaitazama cherehani. Aliitazama jinsi wanavyotazama dume la ng'ombe mnadani, kwato kwanza, kisha mgongo.

"Wewe uliolewa kwa ng'ombe zetu," akasema. "Lakini hicho chuma hakikuolewa. Kilinunuliwa na mtoto wa baba yangu."

Siku ile ile nikajua ninahitaji kitu cha kufunga mlango kwa nje ninapotoka. Wezi wa mjini sikuwaogopa sana. Mwizi wa mjini ana aibu, anajificha. Nilimwogopa huyu anayepiga hodi.

Mkosaji wa kwanza ni mwenye duka la vifaa pale karibu na stendi. Zamani duka lake lilikuwa na misumari, kama ilikuwapo, na majembe kwa barua ya mwenyekiti. Ruksa ilipoingia lilifurika makufuli mpaka juu ya dari. Makufuli ya njano yanayong'aa, makubwa kwa madogo, kila moja lina picha ya simba. Sisi watu wa Simiyu simba tunawajua, wanakula ndama zetu. Simba wa kwenye kufuli alikuwa amenenepa kuliko hao wote, nikaona huyu ndiye.

"Hili, mama," mwenye duka akasema, "hata mimi niliyelileta siwezi kulifungua bila ufunguo."

"Lisiponifaa?"

"Lisipokufaa, njoo unitemee mate."

Nikalinunua. Bei nafuu, zuri, linang'aa. Nikalitundika mlangoni nikajiona mke wa mkuu wa wilaya. Na si mimi peke yangu. Mtaa mzima walikuwa wamenunua. Ukipita asubuhi unawaona simba wamejipanga milangoni kama kwenye mbuga.

Basi siku moja nilikuwa nimekwenda sokoni kununua nyuzi, mvua ikanyesha ghafla. Nikarudi mbio, nimeanika nguo za watu, sare za darasa zima. Kamba nikaikuta tupu. Mlango umefungwa, simba yuko pale. Nafungua, nakuta sare zimekunjwa vizuri juu ya cherehani.

Jirani yangu, mama mmoja muuza vitumbua, akatokea anafuta mikono.

"Mayu, nimekuanulia nguo, nikaziweka ndani zisilowe."

"Wabeja sana. Sasa ndani uliingiaje?"

"Kwa ufunguo."

"Ufunguo upi, na wangu ninao?"

"Ufunguo wangu mimi, wa mlango wangu." Akanionyesha, ametundika shingoni. "Mbona zote zinafungua? Hukujua? Hata wa mwalimu unafungua kwangu. Juzi alikosea mlango amelewa, nikamkuta amekaa anangoja chakula."

Tulicheka sana siku hiyo, nakiri. Halafu nikaacha kucheka, nikaitazama cherehani.

Nilirudi kwa mwenye duka na kufuli mkononi. Sikumtemea mate, nililelewa. Nilimwuliza tu.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "kwa bei ile ulitaka na ufunguo uwe wako peke yako?"

Mtu huyu baadaye alijenga nyumba ya ghorofa. Madirisha yake yote ana nondo. Makufuli ya simba hatumii.

Nikaamua kununua kitasa, cha kuzamishwa ndani ya mbao, chenye ufunguo mrefu wa meno. Hapo ndipo nilipopata washauri. Mtu ukiwa mjane, washauri wanakuja bila kuitwa. Kwanza alikuja mzee mmoja wa mnadani, mwuza vyuma chakavu, akanionyesha kitasa kizito kama jiwe la kusagia. Akanong'ona kimetoka kwenye ghala la pamba la zamani, lile ambalo sasa halina mwenyewe. Chuma cha Mjerumani, akasema, hakivunjiki.

"Baba, kama hakivunjiki," nikamwuliza, "kwenye mlango wa ghala kilitokaje?"

Akakirudisha kwenye gunia, akaniambia wanawake wanaouliza maswali hawadumu na waume. Nikamwambia wangu tayari hakudumu.

Nikauza mbuzi wawili niliowaweka kwa mama yangu kule Nkoma, nikarudi madukani. Safari hii sikutazama picha. Nilisema niletewe vitasa vyote vya aina moja, na funguo zake zote, nikaanza kujaribu ufunguo wa hiki kwenye kile na wa kile kwenye hiki, pale pale juu ya meza ya duka. Wateja wakajaa nyuma yangu.

"Mama, unanunua au unafanya mtihani?"

"Nafanya mtihani. Shuleni nilitolewa kabla haujafika."

Vitasa vya bei ya chini vyote vilifeli. Ufunguo mmoja uliwafungua ndugu wote. Vya bei ya juu kabisa vilifaulu, lakini bei yake ilikuwa ya watu wa pamba, siyo ya watu wa viraka. Katikati nikapata kimoja. Hakikung'aa. Kilikuwa kizito mkononi, ulimi wake mnene, ufunguo una meno pande zote mbili, na funguo za wenzake zote zilikigusa zikakwama. Nikakinunua. Mpaka leo mtu akiniuliza kitasa kizuri ni kipi namwambia: kile ambacho mwenye duka hakukisifu.

Mkosaji wa pili ni fundi. Fundi huyu aliheshimika mtaani, aliweka milango ya kanisani. Alikuja na tindo na msumeno wake, akautazama mlango wangu, akasikitika.

"Mama, mlango huu unafunguka kwa ndani, na ndani kuna cherehani. Utaigonga kila siku. Tuugeuze ufunguke kwa nje, nafasi ipatikane."

Nikafurahi. Nikaona huyu ni mtu wa akili, anaihurumia hata cherehani yangu. Akang'oa mlango, akaugeuza, akaweka kitasa kikazama vizuri kabisa kwenye mninga. Bawaba akazipigilia upande wa nje, zile bawaba za kuchomeka kijiti cha chuma katikati. Akafungua, akafunga. Kak, kak. Majirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa mtaa akasema mlango huu ni mfano wa maendeleo.

Bawaba hakuna aliyezitazama. Mimi nikiwamo, lakini mimi sikulipwa kuzitazama.

Habari ya kitasa ilifika Zagayu kabla ya ufunguo kuzoea mfuko wangu. Shemeji akaja kwa baiskeli, vumbi mpaka kope.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu." Amani tupu, maana yake. Sisi tunaitana amani hata tukiwa tumeshika shoka.

Akakizunguka kitasa kwa macho. Akanywa maji. Akasema, "Nyumba ya mdogo wangu imepata ufunguo. Vizuri sana. Wa kwangu uko wapi?"

"Wa kwako?"

"Mimi ndiye baba wa watoto hawa sasa. Baba atapiga hodi nyumbani kwake? Ukifa humo ndani, nani atafungua?"

Binti zangu walikuwa pale, wananitazama. Kumnyima mkubwa wa ukoo ufunguo mbele ya watoto ni kumtukana, na tusi hilo lingerudi kwangu kwa njia ya baraza. Nikaingia chumbani, nikatafuta, nikatoka na ufunguo umefungwa uzi mwekundu. Nikampa kwa mikono miwili, kwa goti, kama inavyotakiwa.

Ulikuwa ufunguo wa kufuli la simba.

Alishukuru. Aliuingiza mfuko wa shati, akaugonga-gonga mara kwa mara mpaka anaondoka. Watu wa Zagayu milango yao ilikuwa haina vitasa. Ufunguo mfupi au mrefu, kwake ufunguo ni ufunguo.

Basi tukakaa kwa amani, duhu. Pamba ikachumwa, ikauzwa, ikapandwa nyingine. Halafu mama mkwe akafariki.

Huyo mama hayumo kwenye orodha yangu. Alinipenda, alinifundisha kusaga ulezi bila kuchanganya mchanga. Nikafunga mlango, kak, kak, nikaenda Zagayu na binti zangu kumzika. Jirani yangu wa vitumbua akanisindikiza, na nusu ya mtaa wakachangia unga. Huo ndio utaratibu wetu, nao ni mzuri, ila una jambo moja: msiba wako ukitokea, kila mtu anajua nyumba yako iko tupu.

Tulipomaliza kuzika, shemeji akasimama katikati ya wanaume.

"Wakwe na wajukuu hakuna kuondoka," akatangaza. "Mpaka tunyolewe, mpaka matanga yaishe. Atakayeondoka kabla ya hapo, ana lake jambo na marehemu."

Nani anataka kuwa na lake jambo na marehemu? Tukakaa. Tukalala chini kwenye mikeka na wanawake wote wa ukoo. Kesho yake asubuhi shemeji akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

"Nakwenda Bariadi kutafuta sukari ya wafiwa," akasema.

Watu wakamsifu. Mfiwa mwenyewe, na anahangaika na sukari! Alirudi jua limeinama, mkokoteni umefunikwa mabua ya mahindi kwa ajili ya ng'ombe, akaupeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba ya mke wake mdogo. Sukari alikuja nayo kweli, sikatai. Nikanywa chai ile. Ilikuwa tamu. Nikamwambia wabeja, shemeji, Mungu akuzidishie.

Tulipoachiwa nikarudi mjini na kichwa kimenyolewa kinawaka jua. Nikaona mlango wangu kwa mbali, na nikaona haupo sawa. Nikasogea. Mlango ulikuwa umeegeshwa ukutani, kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Vijiti vya bawaba vilikuwa chini vimepangwa. Na kitasa, jamani, kitasa kilikuwa kimefungwa! Ulimi umetoka nje wote, mara mbili, hakina hata mchubuko. Kilikuwa kinalinda hewa.

Chumba cha mbele kilikuwa na alama nne sakafuni, pale palipokuwa miguu ya cherehani.

Mbele ya kizingiti binti yangu mkubwa akaokota kitu. Ufunguo mdogo umepinda, una uzi mwekundu. Maskini, alikuwa ameujaribu kwanza. Aliusukuma mpaka ukapinda. Sijui alifikiri ameukosea upande.

"Tulimwona," wakasema majirani, hata kuona haya hawakuona. "Mchana kweupe, mayu. Akasema ukoo umeamua unahamia kwao, ametangulia na mzigo. Tukamsaidia kupakia. Ni nzito kumbe, ile!"

"Na vijiti vya bawaba alivitoa kwa kutumia nini?"

"Kwa koleo la mwenyekiti."

Ndiyo. Mkosaji wa tatu. Mwenyekiti wa mtaa, yule wa mfano wa maendeleo, alimwazima koleo. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta anakula ugali na mlenda. Aliponiona kichwa hakina nywele akanipa pole ya msiba, vizuri sana, akaniuliza shida.

"Nimeibiwa."

"Kitasa kimevunjwa?"

"Hakikuguswa."

"Mlango umevunjwa?"

"Umeegeshwa ukutani."

"Aliyechukua ni nani?"

"Shemeji yangu."

Akalamba kidole. "Sasa mama, hapa kuvunja hakuna, na mgeni hakuna. Hayo si mambo ya serikali, ni mambo ya ukoo. Kawaulize ukoo."

Nilimwomba koleo lake nirudishie mlango. Akasema liko safarini. Shemeji alikuwa ameondoka nalo.

Ukoo niliuuliza. Ukoo ulikuwa shemeji. Akanijibu kupitia watu kwamba cherehani iko salama, na mimi nikitaka kuitumia niifuate ilipo, na nikiifuata nije na nguo zangu zote. Nikaelewa. Alikuwa amenitegea mtego kama wa kanga: hakukimbiza ndege, ameweka chakula ndani.

Nikakaa. Sare za shule zikaenda kwa fundi mwingine. Tuliuza kuku, tukauza meza. Binti yangu mkubwa akaanza kusema maneno ya kwenda kuchuma pamba za watu. Nikamwambia bado. Nilikuwa nangoja siku moja tu, siku ya kununua pamba.

Siku wanunuzi wanapofika kijijini, hakuna anayebaki nyumbani. Zamani alikuwa mnunuzi mmoja na subira. Ruksa ilileta malori kutoka kila upande, kila mmoja na mzani wake na uongo wake, na watu walihama toka kwa huyu kwenda kwa yule wakifuata bei iliyopanda kwa saa moja. Baba, mama, mtoto, mbwa, wote wako kwenye mizani. Siku hiyo mimi na mdogo wangu wa kike wa Nkoma tukaingia Zagayu, asubuhi imechangamka.

Nyumba ya mke mdogo wa shemeji ilikuwa na mlango wa bati la debe umefungwa kwa kamba ya katani. Bwana aliyeng'oa mlango wa mninga, mlango wake ni debe! Nani angeiba kwa mkubwa wa ukoo? Tukapiga hodi. Mwenyewe alikuwapo, ana ujauzito, ndiyo maana hakwenda mizani. Cherehani yangu ilikuwa kwenye kona, juu yake chungu cha mboga.

Tukatazamana na yule mke mwenza ambaye nilikataa kuwa mwenzake.

"Umefuata chuma chako," akasema.

"Nimefuata."

"Kichukue, dada. Aliniambia nimshonee suruali, nikashona kidole." Akanionyesha, kweli, kidole kimevimba. "Ngoja nitoe mboga yangu."

Mdogo wangu akajitwisha miguu na meza juu ya ngata. Mimi nikakifungua kichwa cha cherehani, nikakibeba mgongoni na kitenge, kama mtoto. Tukaenda hivyo mpaka kwenye mizani, maana hapo ndipo yalipokuwa malori ya kurudi Bariadi. Kulikuwa hakuna njia nyingine ya kupita ila mbele ya watu wote.

Dereva mmoja akakubali kutupandisha juu ya marobota, kwa ahadi ya kumshonea mashati. Mdogo wangu ameshapandisha meza, mimi nafungua kitenge, nikasikia mwano.

Asiyejua mwano nimweleze. Ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila mwanaume anaacha alichoshika anakuja na fimbo, hakuna kuuliza ng'ombe wa nani. Miaka ile ya sungusungu mwizi aliyepigiwa mwano hakufika mbali, na wengine hawakufika popote tena. Aliyepiga alikuwa shemeji, kutoka juu ya gunia lake la pamba, mikono kichwani.

"Mwizi! Cherehani yangu! Wameniibia!"

Wakaja. Duara likatuzunguka, fimbo zimeinuka, na mkuu wa sungusungu, mzee mrefu mwenye upinde begani, akauliza nani kaibiwa nini. Shemeji akaninyooshea kidole. Nikakumbatia kichwa cha cherehani kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikaingiza kifuani nikatoa ufunguo wenye uzi mwekundu.

"Shemeji, mhola?" nikamwamkia. "Samahani kukukatiza mizani. Uliusahau ufunguo wako mlangoni kwangu siku ile ulipokwenda kutafuta sukari ya matanga. Nimeuleta. Umepinda kidogo."

Watu walikuwa wameinywa sukari ile. Nikaona fimbo ya kwanza inashuka.

"Sukari gani?" mkuu akauliza.

Nikamweleza. Mlango, bawaba, mabua ya mahindi, chai. Nilipofika kwenye ufunguo wa simba mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikatembea.

"Ni uongo?" mkuu akamgeukia shemeji.

Shemeji akashuka kwenye gunia. Kisha akajivuta. "Cherehani ni mali ya ukoo. Nilichukua mali ya ukoo."

"Na huyu mwanamke ni wa nani?"

"Ni... ni mke wa mdogo wangu."

"Wa ukoo?"

"Wa ukoo."

"Basi ukoo umechukua mali ya ukoo," akasema mzee. "Sasa mwano ulitupigia wa nini? Tumeacha pamba kwenye mizani, bei inashuka, tumekuja kuwinda ukoo wako?"

Mwano wa bure una faini kwetu, na faini yenyewe inaliwa. Shemeji alitoa dume la mbuzi siku hiyo, wakalichoma pale pale kando ya mizani. Mimi sikusubiri nyama. Lori liliondoka, mdogo wangu na mimi juu ya pamba laini kama wake wa sultani, cherehani katikati yetu, na mpaka tunafika Bariadi sikuwa nimeachia kichwa kile. Mikono iliganda, dereva akanisaidia kuifungua kidole kimoja kimoja.

Mlango niliugeuza mwenyewe ufunguke kwa ndani tena, bawaba zikarudi ndani. Unaigonga cherehani kila siku. Meza yake ina shimo mahali kitasa kinapogonga. Sijali, acha ugonge, nikisikia unagonga najua ipo.

Nimezeeka kidogo na shemeji amezeeka sana. Wake zake wamemchoka, watoto wako Nyalikungu na Mwanza. Akija mjini anapita kwangu, maana suruali zake zinachanika na fundi wa bei rahisi ni mimi.

"Hodi, shemeji."

"Nani?"

Anajua ninajua. Anajitaja hata hivyo, jina lake na la baba yake.

"Mhola?"

"Mhola duhu. Nina suruali hapa, magoti yameisha."

Nafungua dirisha, siyo mlango. Anaipitisha kati ya nondo. Huwa anavaa kitenge cha mke wake akisubiri, amekaa kwenye jiwe juani, anasikiliza cherehani ikikimbia ndani. Nikimaliza naikunja, naipitisha nondoni. Mara ya mwisho aliipokea akasimama pale, anautazama mlango.

"Shemeji," akasema, "hicho kitasa kizuri. Nami nataka kuweka nyumbani, vijana wa siku hizi wanaiba sana. Ulinunua wapi?"

Nikamwelekeza kwa mwenye nyumba ya ghorofa. Nikamwambia aombe chenye picha ya simba.